Dripu ya NAD na Uchovu wa Kazi: Kiasi cha Matumaini Kinachofaa

Miongoni mwa tiba zinazotangazwa kwa bidii katika miaka hii kwa watu waliochoshwa na kazi, ile ya kuongeza NAD mwilini imejipatia nafasi ya pekee, kwa kuwa inajieleza kwa maneno ya kisayansi, inauzwa kwa bei ya juu, na hutolewa kwa njia ambayo jamii nyingi za Afrika Mashariki huiheshimu kupita kidonge, yaani dripu. Kliniki zinazoitoa ziko Dubai, London na katika miji mingi ya Marekani, lakini matangazo yake hayajui mipaka, na simu ya mkononi inayapeleka mpaka Nduruma, kata ya tambarare iliyo kusini mashariki mwa Jiji la Arusha, ambako maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru humwagilia mahindi, maharage, nyanya na mashamba makubwa ya maua ya kusafirishwa Ulaya. Mazungumzo haya yanachunguza jambo moja tu: mtu aliyechoka kwa kazi, akisikia kwamba saa chache za dripu zitamrudishia nguvu zake, atarajie nini kwa haki, na asitarajie nini.

NAD ni kifupisho cha nikotinamidi adenini dinukleotidi, molekuli iliyomo katika kila seli hai, ambayo kazi yake kubwa ni kupokea elektroni zinazotolewa chakula kinapovunjwavunjwa na kuzifikisha katika mitokondria, yaani vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati ambayo mwili unaweza kuitumia. Mbali na kazi hiyo, NAD hutumiwa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, katika kukarabati vinasaba vilivyoharibika na katika kudhibiti uvimbe wa ndani. Dalili za kwanza za kuwapo kwake zilionekana mwaka 1906, pale Arthur Harden na William Young wa Uingereza walipogundua kwamba maji ya hamira hayachachushi sukari mpaka yawe na kitu fulani kidogo kisichoharibiwa na joto. Hans von Euler-Chelpin wa Sweden akaendelea kukichambua kitu hicho, na mwaka 1929 yeye na Harden wakagawana Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa hiyo anayesema kwamba bila NAD hakuna nishati mwilini hasemi uongo. Kosa, pale linapotokea, huingia katika hatua inayofuata, msikilizaji anapoachwa ahitimishe mwenyewe kwamba kila aliyekosa nguvu amepungukiwa na NAD.

Upungufu wa kweli wa NAD upo, una jina, na unajulikana vizuri kuliko matangazo yanavyodokeza. Ni ugonjwa wa pelagra, unaotokana na kukosa niasini, ambayo ndiyo vitamini B3, pamoja na triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili huweza kukigeuza kuwa niasini, na kutokana na niasini hiyo mwili hujitengenezea NAD. Mgonjwa wa pelagra huchoka, hukosa hamu ya kula, ngozi yake hubabuka na kuwa nyeusi katika sehemu zinazopigwa na jua, huharisha, na asipotibiwa huchanganyikiwa akili na hatimaye hufa. Joseph Goldberger, daktari wa serikali ya Marekani aliyetumwa mwaka 1914 kuchunguza ugonjwa huo katika majimbo ya kusini, alionyesha kwamba chanzo chake ni mlo wa mahindi usio na maziwa, nyama wala mikunde, wala si maambukizi kama wengi walivyoamini. Alifariki mwaka 1929, mwaka uleule ambao Harden na Euler-Chelpin walituzwa, kabla ya mtu yeyote kung'amua kwamba utafiti wake na wao ulihusu kitu kimoja. Ni mwaka 1937 tu ambapo Conrad Elvehjem alithibitisha kwamba niasini ndiyo inayoponya ugonjwa wa mbwa unaofanana na pelagra, na tiba ya binadamu ikafuata upesi.

Habari hii inaigusa Nduruma na Afrika Mashariki nzima, kwa sababu chakula kikuu cha eneo hili ni mahindi, na niasini ya mahindi imefungamana na sehemu nyingine za punje kiasi kwamba utumbo hauwezi kuifyonza yote, huku triptofani yake ikiwa haba. Kati ya Februari na Oktoba 1990, miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kusini mwa Malawi, waliandikishwa wagonjwa wa pelagra zaidi ya 17,000, na sababu ilikuwa nyepesi kuelezeka: karanga zilikuwa zimekatika katika mgao wa chakula na mahindi yakabaki peke yake. Hatari hiyo huwafuata pia watu wanaokunywa pombe kwa wingi na kula kidogo, na wale wanaotumia dawa ya isoniazidi ya kutibu au kuzuia kifua kikuu huku mlo wao ukiwa duni, kwa kuwa dawa hiyo huvuruga hatua ambayo kwayo triptofani hugeuka niasini. Tiba ya upungufu huu haina fahari yoyote. Nikotinamidi ya vidonge, kwa kawaida miligramu 300 kwa siku zilizogawanywa katika dozi kadhaa kwa wiki tatu au nne, pamoja na chakula bora, huponya wengi, na nafuu ya kuhara na ya vidonda vya mdomoni huanza kuonekana baada ya siku chache. Mkulima anayekula makande ya mahindi na maharage, akaongeza maziwa au dagaa, hana sababu ya kuamini kwamba seli zake zimekaukiwa na NAD, na hata yule ambaye kweli amepungukiwa haponywi kwa dripu ya bei ghali, bali kwa vidonge vya kawaida na sahani iliyochanganyika.

Wenye kuitetea tiba hii hujibu kwamba wao hawazungumzii pelagra, bali upungufu mdogo unaoletwa na umri, msongo wa mawazo na kukosa usingizi. Hoja hiyo haifai kutupwa moja kwa moja, kwa sababu katika wanyama wa maabara kiwango cha NAD hushuka kadiri wanavyozeeka, na katika baadhi ya tishu za binadamu dalili kama hizo zimeonekana. Lakini kati ya kushuka kwa kipimo na kuchoka kwa mtu kuna umbali ambao ni majaribio peke yake yanayoweza kuuvuka, na majaribio yaliyofanywa mpaka sasa ni machache, madogo, na mengi yake hayakuhusu dripu. Yalihusu nikotinamidi ribosidi na nikotinamidi mononukleotidi, ambazo ni malighafi za kutengenezea NAD na humezwa kama vidonge.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Birmingham, Uingereza, wanaume 12 wenye umri wa miaka ya sabini walipewa gramu 1 ya nikotinamidi ribosidi kila siku kwa siku 21, na katika kipindi kingine wakapewa kidonge cha bandia, yaani kidonge kisicho na dawa kinachotumiwa kwa kulinganisha. Mabaki ya kikemia ya NAD yaliongezeka damuni na hata katika misuli, na baadhi ya viashiria vya uvimbe vilipungua, ila uwezo wa mitokondria za misuli kuzalisha nishati haukubadilika. Mwaka mmoja kabla yake, nchini Denmark, wanaume 40 wenye unene wa kupindukia walikuwa wamegawanywa kupata gramu 2 za dawa hiyohiyo au kidonge cha bandia kwa wiki 12, na mwitikio wa miili yao kwa insulini, ambao ndio uliokuwa ukichunguzwa, haukuboreka. Upande wa pili wa mizani kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2021, ambamo wanawake waliokoma hedhi na waliokuwa wakielekea kupata kisukari walitumia nikotinamidi mononukleotidi kwa wiki 10, na misuli yao ikaitikia insulini vizuri zaidi. Hayo ni matokeo ya kutia moyo, lakini ni ya insulini, si ya uchovu, na hakuna kati ya tafiti hizi tatu iliyowahusu watu waliochoshwa na kazi.

Wakulima wa Nduruma wanaogawana maji kwa zamu wanaujua ukweli huu bila kufundishwa na mtu: wingi wa maji banioni, yaani pale yanapoingilia mfereji, si ushahidi kwamba shamba la mwisho wa mfereji limelowa. Kupanda kwa NAD katika damu ni kipimo cha banioni. Kinachomhusu mgonjwa ni kama misuli na ubongo vimepokea, na kama baada ya kupokea vimefanya kazi zaidi kuliko jana, na hilo ndilo swali ambalo tangazo hulipita likikimbilia mchoro wa mstari unaopanda.

Kuhusu dripu yenyewe ushahidi ni mwembamba zaidi. Matumizi yake si mapya, kwani mwaka 1961 daktari Paul O'Hollaren wa Seattle, Marekani, aliandika kuhusu kuitumia kwa watu waliokuwa wakiachishwa pombe na dawa za kulevya, lakini maelezo ya daktari kuhusu wagonjwa wake, bila kundi la kulinganisha, hayatoshi kuthibitisha tiba. Utafiti mdogo wa mwaka 2019 uliofuatilia kinachotokea damuni uliwahusisha wanaume 11 tu, ambapo wanane walipewa miligramu 750 za NAD kwa muda wa saa 6 na watatu wakapewa maji ya chumvi. Kwa saa 2 za mwanzo kiwango cha NAD katika maji ya damu hakikupanda hata kidogo, ishara kwamba dawa iliyokuwa ikiingia ilichukuliwa au kuvunjwa kwa kasi ileile. Molekuli hii ni kubwa na yenye chaji ya umeme, na ushahidi mwingi unaonyesha kwamba sehemu yake kubwa huvunjwa vipandevipande nje ya seli kabla vipande hivyo havijaingia na kuunganishwa upya, jambo linalozua swali la haki: kwa nini kulipia kitu kizima kinachovunjwa mlangoni ilhali vipande vyake hupatikana kwa kumeza?

Dripu ikiharakishwa, wengi huhisi kichefuchefu, tumbo kukaza, kifua kubana na moyo kwenda mbio, ndiyo maana huchukua saa nyingi. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha NAD ya mshipani kuwa tiba ya ugonjwa wowote, na Tanzania inayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mtu ana haki ya kuiuliza kama chupa anayotaka kutundikiwa imesajiliwa. Kila sindano ya mshipani ni mlango wa vijidudu, na chupa iliyochanganywa mahali pasipo salama haisafishwi na jina zuri la dawa iliyomo. Kuna pia jambo ambalo halisemwi kwa sauti: mtu aliyelala kitandani saa 4 au 6, simu imezimwa, hakuna msimamizi anayemfokea, akihudumiwa kwa upole na muuguzi, huenda akainuka akiwa na nafuu ya kweli, na nafuu hiyo isiwe na uhusiano wowote na kilichokuwamo ndani ya chupa.

Kwa upande wa uchovu wa muda mrefu kama ugonjwa, jaribio linalotajwa mara nyingi ni lile la Marekani la mwaka 1999, ambamo wagonjwa 26 walipewa miligramu 10 za NADH, yaani NAD iliyokwisha kubeba elektroni, kwa wiki 4. Wanane kati yao, sawa na asilimia 31, walipata nafuu, dhidi ya wawili walipotumia kidonge cha bandia. Tofauti hiyo inastahili utafiti zaidi, ila hata ikichukuliwa jinsi ilivyo, inamaanisha kwamba watu kumi wakitumia dawa hiyo, takriban saba hawataona mabadiliko. Hilo ndilo tarajio la juu ambalo takwimu zinaruhusu, na limetokana na ugonjwa ambao si sawa na kuchoshwa na kazi.

Kuchoshwa na kazi ni jambo la aina nyingine. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alilieleza mwaka 1974 kutokana na aliyoyaona kwa wahudumu wa kujitolea wa kliniki moja ya New York, na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliamua kwamba hilo si ugonjwa, bali ni hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa, na ambayo ina sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kujiona hufanyi tena lolote la maana. Kati ya sura hizo tatu, NAD inaweza kudai kuigusa ya kwanza tu. Hakuna molekuli inayojulikana kumrudishia mwalimu wa darasa lililofurika imani katika kazi yake, wala muuguzi wa zamu za usiku, wala binti wa shamba la maua anayesimama tangu alfajiri akichambua na kufunga mashada katika siku zinazotangulia tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, ambapo Ulaya huagiza waridi kupita wakati mwingine wowote.

Kwa hao wa mashamba, chanzo cha uchovu mara nyingi kinaweza kuonekana kwa macho au kupimwa kwa gharama ndogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki 4, pumziko la saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mfanyakazi asiyepata pumziko hilo hana upungufu wa dawa. Ana madai, na chama cha wafanyakazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo milango yake, hata kama kuibisha si rahisi kwa mwenye mkataba wa msimu. Kwa wapiga dawa wa mashambani lipo jambo la ziada, kwamba viuatilifu vya jamii ya oganofosfati huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi, ambacho mishipa ya fahamu hukitegemea, na anayeathirika kidogokidogo huumwa kichwa, hulegea na kuchoka bila kujua sababu. Kipimo cha kolinesterasi katika damu kipo na ni cha miaka mingi, na mkoa wa Arusha ndio wenye taasisi kongwe ya viuatilifu ya nchi, iliyoko Ngaramtoni, ambayo sasa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kumtundikia NAD mpiga dawa huyo bila kumwondoa kwenye bomba la kunyunyizia ni kumcheleweshea msaada.

Tena kuna maradhi yanayojificha ndani ya neno uchovu. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 walikuta kwamba zaidi ya 500 walikuwa wameandikiwa malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Takriban robo walikuwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, ikiwemo brusela, ambayo huenea kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kuzalisha mifugo bila kinga ya mikono, na ambayo humwacha mtu na homa za kuja na kuondoka, viungo kuuma na ulegevu wa miezi. Kati ya Moshi na Nduruma hakuna safari ndefu, na ng'ombe wa pande zote mbili hawatofautiani sana. Funzo lililomo ni la kitabibu kabisa: jina linaloenea midomoni, liwe malaria wakati ule au NAD wakati huu, huweza kumziba daktari na mgonjwa masikio wasisikie kile ambacho mwili unasema. Kisukari, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, tezi ya shingo iliyolegea, ujauzito wa mapema na huzuni iliyozidi kiasi, vyote huanza kwa kuchoka.

Basi mtu mwenye uwezo ambaye, baada ya kupimwa yote hayo na kukutwa mzima, bado anataka kujaribu tiba hii, na kuna wengi katika ofisi na hoteli za jijini Arusha ambao watataka, anaweza kufanya hivyo akijua anachonunua. Ananunua jaribio juu ya mwili wake mwenyewe, ambalo huenda likampa nafuu ya siku kadhaa na huenda lisimpe kitu. Aandike kabla ya kuanza ni saa ngapi hulala, ni umbali gani hutembea bila kuchoka na ni siku ngapi kwa mwezi hukosa kazi, kisha aulinganishe mwezi unaofuata na maandishi hayo, si na hisia ya jioni ya dripu. Akatae mkataba wa kulipia dripu kumi kwa mkupuo kabla ya kuona faida ya dripu ya kwanza. Na asiache dawa ya presha, ya kisukari au ya sonona kwa ahadi ya mtu yeyote. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye saratani wasiianze bila ruhusa ya daktari wao, kwa kuwa usalama wake kwao haujathibitishwa, na seli za saratani nazo huihitaji NAD ili zikue.

Kwa mwanamke wa kawaida wa Nduruma, hata hivyo, kipimo cha kwanza kinachostahili fedha yake ni cha wingi wa damu, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na huo ni uchovu ambao chanzo chake kinapimika na tiba yake ina ratiba. Anayekutwa na upungufu unaotokana na kukosa madini ya chuma hupewa vidonge vya kuongeza damu, na baada ya wiki 4 hivi wingi wa damu yake unatarajiwa kuwa umepanda kwa walau gramu 1 katika kila desilita. Ukipanda, huendelea na vidonge kwa miezi mingine kadhaa ili akiba ya mwili ijae, na usipopanda, mhudumu hutafuta kama kuna minyoo ya safura, kama hedhi ni nzito kupita kiasi, au kama vidonge vimebaki kabatini kwa sababu vilimuuma tumbo.